Stuli Arobaini

Wengi wanaomsifu Mwalimu wa Taaluma hawakukaa Tatu B. Nimewasikia msibani Kijenge, nimewasikia harusini Ngaramtoni, wanaume wenye vitambi na funguo za magari mezani, wakipigana mabega kwa kumkumbuka. "Aisee, yule mzee ndiye aliyenifanya mtu." Mimi huinamia sahani yangu. Si kwamba wanasema uongo. Aliwafanya watu kweli. Lakini upande wa pili wa ukuta wa darasa lao kulikuwa na darasa lingine, na mimi nilikaa huko miaka miwili, kidato cha tatu na cha nne.

Alifundisha hesabu katika sekondari yetu ya kata, huku mlimani Meru, kwenye migomba na kahawa, ambako mwezi wa sita ukungu unaingia darasani bila hodi. Zaidi ya hesabu alikuwa mwalimu wa taaluma, yaani yeye ndiye aliyepanga ratiba, mitihani, na nani asome nini. Wakuu wa shule walikuja wakaenda, yeye akabaki. Jina lake silitaji, na ukoo wake haunihusu. Nusu ya mlima ni ndugu zake, nusu iliyobaki ni wanafunzi wake.

Alivaa sweta moja la kijivu, mvua na jua. Chaki aliziviringisha kwenye leso safi kama mtu anayetunza meno ya dhahabu. Mkononi alikuwa na rula ya mbao ya mita moja, ile kubwa ya ubaoni, akitembea nayo kila mahali hadi kanisani, na mgeni angedhani ni ya kutuchapia. Hakutuchapa. Hilo niliseme mapema, maana nitakayoyasema baadaye si mazuri. Katika shule iliyokuwa na walimu wanne wenye viboko vyenye majina, yeye hakuwahi kumgusa mtoto.

Na hakutumia dasta. Akikosea hesabu ubaoni, na nyakati nyingine alikosea kwa makusudi ili aone nani yuko macho, hakufuta. Aliweka rula, akapitisha mstari mmoja juu ya kosa, kosa likabaki linasomeka, kisha akaanza upya chini yake.

"Kosa halifutwi," alikuwa akisema. "Ukilifuta umelificha. Likate, lionekane, endelea."

Aliyetumia ufutio kwenye daftari lake alipunguziwa alama hata kama jibu lilikuwa sahihi. Mwanzoni tulimwona ana ukorofi tu. Baadaye niligundua kwamba daftari zetu zilikuwa zinasomeka kama safari, unaona mtu alipopotea na alipogeukia. Sijakutana na mwalimu mwingine aliyefundisha hivyo, na nimekutana na walimu wengi.

Kusifu hakujua. Neno "hongera" sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Kazi ikimridhisha aliitazama mara mbili, akakurudishia daftari, akasema, "Imenyooka." Basi. Waliolipata neno hilo walitembea nalo wiki nzima. Mimi kidato cha kwanza na cha pili nilikuwa napata alama nzuri, lakini mkono wangu ulikuwa na haraka, na kazi ya haraka hainyooki. Nilikuwa bado nalingoja.

Maabara yetu ilikuwa na stuli arobaini. Kwa hiyo mchepuo wa sayansi ulikuwa na wanafunzi arobaini, na huo ndio uliofundishwa hesabu zote. Kila Januari, matokeo ya kidato cha pili yakishatoka, Mwalimu wa Taaluma alijifungia ofisini, akajumlisha alama za kila mtu, akaandika karatasi mbili za manila kwa mkono wake: ya kwanza Tatu A, sayansi, ya pili Tatu B, sanaa. Akazibandika kwenye mlango wa ofisi ya walimu. Hakuna mzazi aliyewahi kumbadilisha. Alikuja mchungaji kwa ajili ya mwanawe, akarudi alivyokuja. Alikuja diwani, akapewa chai na kurudi vilevile. Wavulana walimpa jina la Arobaini, na akipita walinong'ona kwamba siku za mwizi ni arobaini. Yeye alisikia na hakugeuka.

Mwaka wetu, jina langu lilikuwa la kwanza kwenye karatasi ya pili. Wenzangu walinipongeza. "Umeongoza B!" Nikasimama pale nikihesabu majina ya karatasi ya kwanza kwa kidole, nikitumaini kwamba ameandika thelathini na tisa. Aliandika arobaini. Mtu kama yule hakosei kuhesabu.

Nilimfuata ofisini.

"Shikamoo, mwalimu. Mimi ni wa arobaini na moja."

"Marahaba. Najua."

"Nitasimama, mwalimu. Sihitaji stuli."

"Maabara hawasimami. Ni hatari."

"Basi nitaleta kiti kutoka nyumbani."

Akanitazama juu ya miwani, si kwa ukali. "Kiti si stuli, binti. Meza za maabara ni ndefu. Nenda darasani."

Nieleze kwa nini nilimfuata. Shamba letu lilipakana na la jirani kwa mstari wa mimea ya masale, kama mashamba yote ya mlimani. Babu aliyapanda, na kwetu masale ndiyo hati. Nikiwa darasa la sita alikuja mpima na chombo cha miguu mitatu, akachungulia, akaandika, akagongomea vigingi vyake vya chuma. Alipoondoka, mistari mitatu ya kahawa yetu ilikuwa upande wa jirani. Baba hakujua kusoma ile karatasi. Aliweka dole gumba kwa sababu waliokuwepo wote walikuwa wanamngoja. Jioni ile, akila loshoro yake, aliniambia, "Wewe una kichwa. Ukasome kile chombo, uje unionyeshe walichokiona." Hakuniambia niwe daktari wala nani. Alitaka mtu wa kumwonyesha. Nami niliuliza kwa walimu nikaambiwa chombo kile ni pembetatu na fizikia, basi, hakuna uchawi. Kwa hiyo niliposimama mbele ya meza ya Mwalimu wa Taaluma nikiomba stuli, nilikuwa naomba mistari mitatu ya kahawa.

Sasa hesabu ni lazima kwa wote hadi kidato cha nne, sanaa kwa sayansi. Kwa hiyo alitufundisha na sisi B, ila si hesabu ileile. Alikuwa na madaftari mawili ya maandalio. La bluu lilikuwa la A, na ndani yake kulikuwa na kila kitu. La kijani lilikuwa letu, na ndani yake kulikuwa na mada tano: seti, takwimu, matriki na mbili nyingine nyepesi. Alikuwa amechambua mitihani ya miaka mingi akaona kwamba mwanafunzi akizishika hizo tano tu, atavuka mpaka wa D.

"Mengine msihangaike nayo," alitwambia siku ya kwanza. "Pembetatu haziwahusu. Nyie okoteni hizi."

Nasi tukaziita Hesabu za Kuokota. Kwetu, maharage yakishavunwa, wajane na watoto huachiwa shamba wakaokote yaliyodondoka. Hakuna anayewafukuza, na hakuna anayedhani kwamba hilo ni shamba lao. Hivyo ndivyo tulivyoingia kipindi cha hesabu miaka miwili. Ukiuliza swali nje ya mada tano, alitabasamu akasema, "Hilo ni la shamba la jirani."

Na mpango wake ulifanya kazi, hapo ndipo panaponiuma. Shule nyingine wanafunzi wa sanaa walipata sifuri za hesabu kama mvua, na sisi tulipata D. Maofisa walikuja na magari kujifunza. Wazazi walimpa jogoo siku ya mahafali. Ukimlaumu mbele ya watu utaambiwa, "Bora D kuliko F," na ni kweli. Kwa mtoto asiyependa hesabu, yule mzee alikuwa mwokozi. Ubaya wake ni kwamba hakuwahi kuuliza nani katika sisi anapenda. Mwenye njaa na aliyeshiba aliwapakulia sahani moja.

Kuhusu masomo yetu ya sanaa alikuwa na msemo: "Sanaa ni kukumbuka, hesabu ni kufikiri." Aliusema ofisini mbele ya walimu wa historia, wa Kiswahili na wa jiografia, nao wakacheka kwa adabu. Mimi sasa nafundisha historia. Nimefundisha miaka kumi na miwili, na ningependa mtu yeyote wa stuli aje akae nyuma ya darasa langu mtoto anapojaribu kueleza kwa nini mzungu alitaka ardhi ya chini yenye maji akatuachia miteremko, kisha aniambie kwamba mtoto huyo anakumbuka tu. Msemo ule ulifanya madhara. Watoto wa B waliuamini. Tulikuwa na msichana aliyeandika insha ambazo mwalimu alizisoma kwa sauti hadi ofisi nzima ikanyamaza, na yeye mwenyewe alisema, "Sisi si vichwa vya sayansi," akaacha shule kidato cha nne kabla ya mtihani. Anauza mitumba Tengeru. Akiniona ananipunguzia bei, na mimi naona aibu.

Lakini huyohuyo aliyedharau historia alikuwa msimuliaji wake bora. Ijumaa, akimaliza mada yake ya kuokota mapema, alikalia ukingo wa meza, rula magotini, akatueleza juu ya mifereji ya maji ya mlimani: nani waliichimba, zamu za kufungulia maji ziligawanywaje, mtu aliyeiba maji ya mwenzake alitozwa nini. Alituonyesha kwamba mfereji uliopita nyuma ya vyoo vya shule ulikuwa na umri mkubwa kuliko shule, kanisa na barabara. Siku hiyo ndipo nilipoelewa kwamba mambo ya kale yako ardhini, tunayakanyaga. Somo ninalolifundisha leo nililipenda kutoka kwa mtu aliyeamini ni la waliokosa stuli. Nimejaribu kulikataa deni hilo na nimeshindwa.

Tena alikuwa na huruma, siwezi kudanganya. Masika mto ulipofura alifunga kamba mti hadi mti, akaingia majini hadi magotini na sweta lake, akatuvusha sisi wa ng'ambo mmoja mmoja, akitutaja kwa majina bila karatasi. Alijua nani ana pumu na nani ameamka bila kula. Mtu aliyetujua hivyo, Januari moja baada ya nyingine, alitugawa kwa idadi ya makalio.

Sasa dirisha. Tatu A walipokuwa na hesabu, ratiba yetu sisi B ilionyesha kipindi cha maktaba. Maktaba hatukuwa nayo. Wenzangu walilala au walisukana. Mimi nilichukua jembe dogo nikaenda kwenye kahawa za shule, ambazo mistari yake ya mwisho ilifika chini ya dirisha la Tatu A, nikajifanya napalilia. Daftari lilikuwa gotini ndani ya kanga. Ubao sikuuona, nilisikia tu. Nilijifunza pembetatu kwa masikio, nikazichora kwenye udongo kwa kijiti, na zilizokubali nikazihamishia kwenye daftari.

Wiki ya pili au ya tatu niliona kitu. Mwalimu alikuwa anapaza sauti. Zamani alifundisha kwa sauti ya chini ili watu wanyamaze, sasa alisema kila kitu mara mbili: "Upande AB, narudia, upande AB, sentimita nane." Vioo vya dirisha, vilivyokuwa vinafungwa kwa baridi, vilikaa wazi hadi mwezi wa saba, wakati hata mbwa wa mlinzi anatafuta jiko. Wenye stuli walilalamika kwamba mzee anazeeka, anaanza kuwa kiziwi. Mimi nilijiambia hajaniona. Ningewezaje kujiambia vingine? Kama ameniona na hasemi kitu, basi ni nini?

Siku moja aliwapa swali la mkaratusi mkubwa wa uwanjani, kivuli chake hatua kadhaa, pembe ya jua kadhaa, mti una urefu gani. Akawangoja. Mimi nje nilikuwa nimeshapata, na mdomo wangu ukanisaliti, nikalitamka jibu. Si kwa nguvu, ila dirisha lilikuwa wazi. Nikasikia chaki imesimama. Nikajikunyata kwenye shina la kahawa nikingoja kuitwa. Kisha chaki ikaendelea, akaliandika jibu langu ubaoni, nikamsikia akimwambia kijana wa dawati la mbele, ambaye hakuwa amefungua kinywa, "Imenyooka."

Nilirudi na jembe langu. Nililia chooni kwa sababu hapakuwa na mahali pengine. Kesho yake nilirudi dirishani, maana ningefanya nini?

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, darasa letu la B lilikuwa na D nyingi na C moja. Ile C ilikuwa yangu. Siku tuliyokwenda kuchukua vyeti alinisimamisha mbele ya wazazi na wadogo zetu, akaniwekea rula begani, akasema, "Mnaona? Hata kwa kuokota mtu anaweza kupata C." Wakapiga makofi. Nikapiga na mimi, kwa ujinga wa adabu tuliofundishwa. C yangu ikawa ushahidi wake. Miaka iliyofuata, mtoto akilia kwa kuwekwa B, aliambiwa habari za yule dada aliyeokota hadi akapata C.

Chuo cha upimaji kilitaka fizikia. Fizikia ilikuwa upande wa stuli. Nikaendelea na sanaa, nikafaulu, nikaajiriwa, na kama ningekuwa mtu wa kushukuru tu ningesema Mungu ana makusudi yake. Baba alikufa mwaka nilioanza kazi. Ile mistari mitatu ya kahawa jirani ameing'oa, amepanda parachichi.

Walinipangia shule yangu ileile. Yeye alikuwa amestaafu, na baada ya miaka michache wakanipa kiti chake. Kwa hiyo mwalimu wa taaluma sasa ni mimi. Niliapa kwamba mada tano nitazifuta, na nilizifuta, nikamlazimisha mwalimu wa hesabu afundishe pande zote mbili kitu kimoja, akaninunia muhula mzima. Hayo nayasema kwa fahari. Ninalolisema kwa aibu ni kwamba stuli nilizihesabu. Mwaka wa kwanza niliingia maabara, nikahesabu, zikawa arobaini. Nikaandika majina arobaini, nikabandika.

Januari iliyopita, siku ya pili baada ya kubandika, nilimkuta amekaa kwenye benchi la wazazi nje ya ofisi yangu. Sweta lilikuwa lilelile, viwiko vimetiwa viraka. Rula sasa alikuwa anaiegemea kweli. Walikuwepo wazazi wawili mbele yake na walitaka kumpisha, akakataa, akangoja zamu yake.

"Shikamoo, mwalimu wangu."

"Marahaba, mwalimu."

Alikaa kwenye kiti cha wanafunzi, akaitazama meza yake ya zamani.

"Mjukuu wangu ni wa kwanza kwenye karatasi ya pili," alisema.

"Nimeona."

"Ni wa arobaini na moja."

"Najua."

"Anapenda hesabu yule. Asubuhi kabla sijanawa uso ameshaniletea swali. Nimekuja kuomba mstari mmoja tu, mwalimu. Likate jina lake pale, uliandike kule."

"Mwalimu, orodha imeshabandikwa."

Sikulipanga neno hilo. Lilitoka lenyewe, na lilikuwa tamu kinywani, nisijifanye malaika. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Nilitaka auonje.

Hakubisha. Aliingiza mkono ndani ya sweta akatoa jani la sale, bichi, lililofungwa fundo, akaliweka mezani katikati yetu. Huku mlimani mtu akikuletea jani la sale lenye fundo amekuja kuomba radhi, na kulikataa si jambo dogo. Watu wamesamehe damu kwa jani hilo. Mimi nililitazama nikaona mpaka wa shamba la baba.

"Hili ni la mjukuu," nikamwuliza, "au ni la dirisha?"

Aligeukia dirisha. Nje mtu alikuwa anagonga kengele ya mapumziko.

"Ulikuwa unaniona?"

"Nilikuona, binti yangu. Kila siku. Kwani nilikuwa napigia nani kelele?"

"Na siku ya mkaratusi?"

"Nilikusikia."

"Sasa kwa nini hukuniita ndani?"

"Orodha ilikuwa imeshabandikwa." Aliisugua rula kwa kidole gumba. "Ningekuingiza wewe, wangekuja wote. Na stuli zilikuwa arobaini."

"Kosa halifutwi, mwalimu. Linakatwa. Ulitufundisha wewe."

"Ubaoni," akasema. "Nilifundisha ubaoni."

"Jani ni la nani?"

Alilisogeza jani kwangu kwa kidole. "Nimekata moja tu," akasema. "Ligawe wewe."

Kuna watu watakaosema hapo nilimsamehe. Sikumsamehe, na hadi leo sijui kama nimemsamehe. Nilichukua kalamu nyekundu, nikamwomba rula, tukatoka hadi mlangoni. Wa arobaini na mbili alikuwa binti wa mfugaji mmoja wa mbali, alama zake sawasawa na za mjukuu, alfabeti tu ndiyo iliyowatenganisha.

"Na huyu," nikamwuliza, "babu yake yuko wapi leo?"

Nikaweka rula, nikakata jina la mjukuu wake, nikakata na la yule wa chini yake, mstari mmoja mmoja, majina yakabaki yanasomeka. Nikayaandika chini ya karatasi ya kwanza. Kazi yote haikufika dakika moja. Mimi nilikaa chini ya dirisha lile miaka miwili, na ilikuwa kazi ya chini ya dakika moja.

Alisogea, akaitazama mistari yangu kwa macho yake mabovu, mara mbili.

"Imenyooka," akasema.

Nilimrudishia rula yake. Nilimwambia aangalie ngazi, zina utelezi.

Mchana nikaenda kutafuta stuli mbili. Ofisini hakukuwa na kitu, stoo kulikuwa na madawati yaliyovunjika. Mama mpishi, ambaye amenipikia mimi mwenyewe nikiwa mwanafunzi, alikuwa jikoni na msaidizi wake wakimenya ndizi, wamekalia stuli mbili ndefu. Nikamwomba asimame nione. Nikageuza moja juu chini. Chini ya masizi kulikuwa na rangi nyeupe iliyofifia: MAABARA.

"Mama, hizi ziko hapa tangu lini?"

"Hizo? Nilizikuta, mwalimu. Wewe ulikuwa hujafika hata kidato cha kwanza." Akajifuta mikono kwenye kanga. "Yule mama niliyempokea kazi aliniambia Mwalimu wa Taaluma ndiye aliyezileta, kazibeba mwenyewe. Aliwaona wanapika wamechuchumaa, akawaonea huruma."

Nilimwahidi nitawaletea viti siku hiyohiyo. Kisha nikazibeba, moja kila mkono, hadi maabara.